Je, wajua kwa nini simu yako haijawa kompyuta mpaka leo?

Kuna siku nilinunua adapta ya USB-C kwenda HDMI pale Kariakoo, nikarudi nyumbani mbio nichomeke simu kwenye TV niandike ripoti kwa kibodi ya kueleweka, TV ikakaa nyeusi tu. Nikabadilisha waya, nikahamisha tundu, wapi! Kumbe simu nyingi za bei ya kawaida, hata kama tundu la chaji umbo lake ni USB-C, ndani hakuna njia ya kutoa picha, linapitisha chaji na mafaili basi. Hapo ndo nikaanza kufuatilia hizi simu za Linux, yaani mfumo huria wa kuendesha kompyuta, na tangu hapo naiona simu yangu tofauti kabisa.

Kwanza tuelewane, nguvu sio tatizo. Ndani ya Android kuna kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo kinachoongoza chuma, ile aliyoianzisha Linus Torvalds 1991 na ambayo leo inaendesha seva kibao duniani. Samsung nao walileta DeX 2017 pamoja na Galaxy S8, unachomeka simu kwenye monita unapata madirisha na maus. Safi, ila hapo unapata kile walichoamua wao upate, na siku apdeti zikikatwa huna la kufanya.

Sasa angalia PinePhone, simu ya Linux ya kampuni ya Pine64, iliyoanza kuwafikia watu 2020. Toleo la RAM 3GB liliuzwa dola 199 pamoja na kidude cha kuchomekea chenye HDMI, USB mbili na tundu la waya wa intaneti. Ukichomeka monita unaendelea na mfumo ule ule wa Linux uliokuwa mkononi, unahamisha dirisha kutoka kwenye kioo cha karibu inchi 6 kwenda kwenye kioo kikubwa, na programu zilizoandikwa kwa kazi hiyo zinajipanua zenyewe, menyu iliyokuwa imejificha inatokea pembeni. Na ukifungua kava la nyuma unakuta swichi sita ndogoo, unazisogeza kwa ncha ya kalamu: modemu (ya mtandao wa simu), WiFi, maiki, kamera ya nyuma, kamera ya mbele, na ya mwisho ya tundu la earphone. Ukizima maiki hapo imezimika kweli, kwa umeme, hakuna app ya kuiwasha kwa siri. Mi hicho kitu nakipenda sana.

Ila kwa nini lazima programu ziwe huria, yaani kodi yake (maandishi yanayoiunda programu) iwe wazi kwa yeyote kuisoma na kuibadilisha? Kwa sababu laptopu nyingi zina chipu za Intel au AMD, simu zina chipu za aina nyingine, ARM, na chipu moja haielewi amri za programu iliyotengenezwa kwa nyingine. Kama kodi yake ni siri unamsubiri mwenyewe atake. LibreOffice ya kazi za ofisi, Firefox ya intaneti, GIMP ya picha, kodi zao ziko wazi, watu wamezijenga upya kwa ARM zikakubali, ndo maana simu ya dola 199 inafungua programu zile zile za kwenye laptopu ya Linux.

Kinachokwamisha ni draiva, programu ndogo zinazoiwezesha kerneli kutumia vifaa kama kamera na wifi, na hapa ndo panaponiuma. Mtengeneza chipu anampa kampuni ya simu kerneli moja iliyobandikwa draiva zake, nyingine zimefungwa kabisa, akiacha kuitunza simu imebaki hapo hapo hata kama chuma bado kizima. Pine64 ili wakwepe hilo wakachukua Allwinner A64, chipu waliyokuwa wanaitumia kwenye ubao wao wa kompyuta ndogo tangu 2016, kwa vile jamii ya Linux ilishaizoea na draiva zake ziko wazi. Gharama yake ni spidi: LibreOffice inachukua muda kufunguka, na tabo za Firefox zikizidi utaona mwenyewe. WhatsApp nayo haina toleo rasmi la simu hizi, kwa hiyo kwa watu wengi bado ni simu ya pili.

Wazo lenyewe la simu kuwa kompyuta sio geni. 2013 Canonical, kampuni ya Ubuntu (toleo mojawapo la Linux), waliomba watu wachangie dola milioni 32 watengeneze Ubuntu Edge, simu ya RAM 4GB na hifadhi ya 128GB, zikaahidiwa kama milioni 12.8 tu na simu haikutengenezwa. 2017 wakaachana kabisa na Ubuntu ya simu. Ingekuwa kodi ya siri ingezikwa siku ile, lakini jamii ya UBports wakaiokota na mpaka leo wanaitengeneza.

Kwa hiyo ukienda kununua simu, uliza kama USB-C yake inatoa picha, jina la kitu hicho ni DisplayPort, kabla hujalipia adapta. Na kama una simu ya zamani kwenye droo, usimuuzie fundi vipuri kwanza, icheki kwenye orodha ya simu zinazokubali postmarketOS, Linux ya simu za zamani, wale wameanza 2017 na lengo lao ni simu iishi miaka 10. Ya kwangu nimeikuta, wifi bado haishiki ila kioo na kugusa vinafanya kazi.