Chupa za maji hazimfukuzi paka

Wengi Mombasa huamini chupa ya maji inayong'aa juani, ikiwekwa bustanini au mlangoni, humtisha paka asije kujisaidia hapo. Huenda akashtuka mara ya kwanza; akishaona haimdhuru, huipita na kuchimba palepale. Anachofuata ni udongo mkavu, laini, na harufu ya mkojo wake wa jana.

Tandaza waya wa kuku juu ya kitalu, ncha zikitazama chini, ufunike kwa sentimita 2 za udongo. Mimea itapenya, kucha zitakwama. Sakafu ya saruji aliyoikojolea isugue kwa sabuni na maji mengi; siki usitie karibu na ukuta wa chokaa, itaula. Jiki (dawa ya klorini ya kung'arisha nguo) juu ya mkojo hutoa gesi inayochoma mapafu. Na nafthalini (vidonge vyeupe vya kufukuza nondo kabatini), tafadhali, usiweke kabisa: ni sumu kwa paka, na mtoto huidhania peremende.