Kwa nini wanaanga huketi ndani ya roketi kabla mafuta hayajajazwa

Kazi yangu hapa Dar es Salaam ni kusimamia matangi ya oksijeni ya kimiminika yanayohudumia hospitali. Kila roketi yenye watu inapokaribia kurushwa, mimi hufuatilia zaidi saa tatu za mwisho kuliko kuruka kwenyewe, kwa kuwa saa hizo hutawaliwa na kimiminika hichohicho ninachoshughulika nacho kila siku: roketi hukihitaji ili mafuta yake yaungue.

Oksijeni huchemka kwenye nyuzijoto 183 chini ya sifuri. Katika joto la pwani, liwe la Kurasini au la Florida, Marekani, zinakorushiwa roketi hizo, inachemka muda wote tangu inapoingia tangini, na lita moja ikigeuka gesi hudai nafasi ya zaidi ya lita 800. Asubuhi yenye unyevu, ninapofungua valvu ya kujazia, utando mweupe wa barafu hutanda juu ya bomba katika dakika chache, na tone la maji likiangukia hapo huganda papo hapo. Tangi la hospitali lina kuta mbili zenye ombwe katikati, kwa hiyo hutunza baridi kwa siku nyingi. Roketi haiwezi kubeba uzito wa kuta za namna hiyo. Mvuke wake huachwa utoke na kimiminika huongezwa mfululizo hadi dakika za mwisho, na ndiyo sababu tunaona ukungu mweupe ukiteremka ubavuni mwake.

Zama za Space Shuttle, vyombo vya anga vya zamani vya Marekani, tangi kubwa la nje, lenye takriban lita milioni 2 za oksijeni na haidrojeni, lilijazwa kwanza. Kisha wakaguzi walipanda mnarani kutafuta barafu, kwa kuwa kipande chake kikibanduka kingeweza kuharibu vigae vya kuzuia joto. Baada ya hapo ndipo wanaanga walipoingia, saa tatu hivi kabla ya kuruka, wakiwa na mafundi wa kuwafunga mikanda na kufunga mlango. Wote hao walifanya kazi kando ya tangi lililokwisha kujaa.

Falcon 9, roketi ya kampuni ya SpaceX, imegeuza utaratibu huo. Wanaanga huingia katika kapsuli ya Dragon takriban saa mbili na nusu kabla, matangi yakiwa bado matupu. Suti zao huunganishwa na mabomba ya hewa, kisha hujazwa mgandamizo ili kubaini kama zinavuja, na mlango ukishafungwa kipimo kama hicho hufanyiwa chumba chenyewe. Mafundi huondoka. Zikibaki dakika 42 hivi daraja la kupitia husogezwa kando. Muda mfupi baadaye mfumo wa kujiokoa, yaani injini 8 za kapsuli zinazoweza kuichomoa kutoka juu ya roketi, huwekwa tayari. Na zikibaki dakika 35 ujazaji huanza.

Kuchelewa huko kuna sababu. Oksijeni ya Falcon hupoozwa hadi karibu nyuzijoto 207 chini ya sifuri, ili nyingi zaidi ienee katika tangi lilelile, na ikikaa tu inapata joto na kutanuka.

Wapo waliopinga. Thomas Stafford, mwanaanga wa zamani aliyeongoza kamati ya ushauri ya kituo cha anga cha kimataifa, aliandika mwaka 2015 kwamba haifai watu wawemo wakati mafuta yanajazwa. Tarehe 1 Septemba 2016 Falcon 9 ililipuka ikijazwa kwa ajili ya jaribio la injini na kuteketeza satelaiti ya Amos-6, ambayo ingeleta intaneti katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara. Hakuna aliyeumia. Uchunguzi ulionyesha kwamba chanzo yaelekea kilikuwa oksijeni iliyonaswa kati ya ganda la alumini la mtungi wa heliamu na nyuzi za kaboni zilizouzungushia.

Pamoja na hayo, naukubali utaratibu mpya. Hatari kubwa iko pale kimiminika kinapotembea na joto la mabomba na matangi linapobadilika ghafla, na wakati huo ni heri waliopo wawe wachache na wawe na njia ya kukimbia, kuliko kuwatuma mafundi wasio na kapsuli ya kuwaokoa. Lakini naukubali kwa sharti lililowekwa na NASA, shirika la anga la Marekani, mwaka 2018, kwamba ujazaji wa namna hiyohiyo ufanyike kwanza mara 5 bila watu.

Tarehe 27 Mei 2020 utaratibu huo ulionyesha ugumu wake. Wanaanga Bob Behnken na Doug Hurley walikuwa ndani na mafuta yakiingia, hali ya hewa ikawa mbaya, na hesabu ya kuelekea kuruka ikasimamishwa zikiwa zimebaki dakika 17 hivi. Hawakuweza kutoka. Ilibidi wabaki wamefungwa mikanda, mfumo wa kujiokoa ukiwa tayari, hadi mafuta yalipoondolewa matangini. Ndipo daraja liliporudishwa na mafundi wakaenda kuwafungulia mlango. Siku tatu baadaye waliketi tena palepale, hatua zote zikarudiwa tangu ya kwanza, na wakaruka.