Likizo ya volkano bila kuvuka bahari: kutoka Ngozi hadi Matema

Wageni wengi wanaonifikia hapa Tukuyu, hasa wanandoa wapya kutoka Dar es Salaam, huwa wameshapiga hesabu za kwenda visiwa vya volkano vya Ngazidja au Réunion. Wanataka kuona kasoko, yaani shimo la mdomo wa volkano, kukanyaga mawe meusi yaliyowahi kutiririka kama uji, kisha wapumzike ufukweni. Mimi ni mjiolojia ninayeongoza watalii, na huwaambia wazi: hayo yote yapo kati ya milima ya Uporoto na Ziwa Nyasa, tena kwenye barabara moja inayoteremka.

Mkoani Mbeya ndipo mikono mitatu ya Bonde la Ufa inapokutana, wa Rukwa, wa Usangu na wa Nyasa. Ardhi ikivutwa namna hiyo hupasuka, na mwamba ulioyeyuka hupata pa kutokea. Volkano tatu, Ngozi, Rungwe na Kyejo, zimesimama karibu katika mstari mmoja juu ya mipasuko hiyo. Mlima Mbeya na Loleza unayoiona ukiwa Mbeya mjini haimo katika ukoo huu. Hiyo ni miamba ya kale sana iliyoinuliwa na ufa wenyewe.

Anza na Ngozi, na uipe siku nzima. Shuka Isongole kwenye barabara ya Uyole kwenda Tukuyu, lipia kiingilio, chukua mwongozaji wa pale kijijini. Kutoka barabara kuu ni mwendo wa kama saa mbili, kwanza katikati ya mashamba ya viazi, halafu msituni, kwenye mianzi na migomba mwitu, na kipande cha mwisho ni mlima mkali. Ondoka alfajiri. Ukungu ukishatanda juu, utafika ukingoni usione hata maji.

Unachokiona ukingoni ni shimo lenye upana wa kilomita tatu hivi. Mlima huu ulipolipuka na kumwaga kilichokuwa tumboni, kilele chake kilikosa cha kukishikilia, kikadidimia. Maji ya mvua yakajaa. Ziwa halina mto unaotoka, na kina chake kinazidi mita 70. Mlipuko wake wa karibuni ni wa ndani ya miaka 1,000 iliyopita, kwa hiyo mlima huu umelala tu. Gesi ya kaboni dayoksaidi bado inapanda kutoka chini na kuingia majini, na wataalamu wa jotoardhi wamekuwa wakiuchunguza kwa sababu joto lake lingali lipo. Wenyeji wanaliheshimu sana ziwa hili, na yako masimulizi ya mali ambayo Wajerumani waliificha humo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Msikilize mwongozaji wako akikusimulia, usimharakishe. Kushuka hadi kwenye maji sikushauri: ukuta ni wima, udongo unateleza, na kutoka juu ndiko unakoiona kasoko yote.

Mkirudi barabarani, angalia kingo zilizochongwa na greda. Utaona mistari myeupe au ya kijivu katikati ya udongo mweusi. Chukua kipande, kipime mkononi: ni jiwe jepesi lenye vitundu, povu la volkano lililoganda hewani. Sehemu kubwa ya povu hilo ilirushwa na Mlima Rungwe kama miaka 4,000 iliyopita. Viazi vya Uporoto na migomba ya Tukuyu vinakula hapo.

Rungwe wenyewe una mita 2,960 hivi na unakula siku nzima ya miguu yenye nguvu. Una mbega, na una kipunji, tumbili ambaye wawindaji wa hapa walimjua siku zote lakini wanasayansi walimtangaza mwaka 2005. Kama magoti yanalalamika, uache. Utautazama vizuri kutoka misheni ya Wamoravian iliyoanzishwa mwaka 1891 chini yake.

Kwenye Mto Kiwira yako mambo mawili yanayotosha asubuhi moja. Daraja la Mungu ni upinde wa mwamba wa lava, yaani uji wa volkano ulioganda, uliobaki juu ya mto huku maji yakipita chini. Kijungu, mbele kidogo, ni chungu kilichochimbwa na maji na mawe yanayozunguka ndani yake. Mto mzima unajitumbukiza humo. Njia inapita eneo la Chuo cha Magereza, kwa hiyo kitambulisho kiwe mfukoni. Na tafadhali usisimame kwenye jiwe lenye maji pembeni ya Kijungu kwa ajili ya picha. Mwamba huu ukilowa unateleza vibaya.

Ziwa Masoko, kusini mashariki mwa Tukuyu, ni dogo na la mviringo, na mimi nalipenda kuliko yote. Hapa uji wa moto ulikutana na maji ya ardhini, mvuke ukafumua shimo kwa kishindo. Tope lililotulia chini yake limehifadhi habari za mvua na misitu ya hapa kwa zaidi ya miaka 40,000. Majengo ya mawe yaliyo ukingoni ni ya kambi ya Wajerumani. Kaa hapo mchana, kula ndizi na parachichi, muulize mzee kuhusu Kyejo. Mlima huo ulimwaga lava karibu mwaka 1800, na habari zake zimepokezanwa hadi leo.

Upande huo wa Kyejo kuna mahali gesi ya kaboni dayoksaidi inatoka ardhini kwa wingi hadi inavunwa kibiashara. Ni nzito kuliko hewa, haina rangi wala harufu, na hutulia mabondeni. Ukiona ndege au wadudu waliokufa kwenye kibonde, usiingie, na usimruhusu mtoto akimbie huko mbele yako.

Kuhusu msimu: Juni hadi Oktoba njia zimekauka, lakini Kitulo, bustani ile ya maua iliyo hifadhi ya taifa tangu 2005, huchanua wakati wa mvua, kuanzia mwisho wa Novemba hadi Aprili. Huwezi kupata vyote kwa safari moja. Ningeanza na makasoko wakati wa kiangazi, Kitulo nikaiwekea Januari au Februari. Koti zito lazima kwa vyovyote.

Malizia Matema, chini kabisa, ambako Ziwa Nyasa liko mita zisizofika 500 juu ya usawa wa bahari. Ule ukuta wa Milima ya Livingstone unaoingia majini ni ufa uliokatika, hauna volkano. Oga, lakini kaa mbali na midomo ya mito, maana kuna mamba. Panga ufike Ijumaa jioni. Jumamosi kuna soko la Lyulilo, ambako akina mama wa Kikisi huleta vyungu vyao kwa mitumbwi, na vile vizuri huondoka mapema.