Kuishi na shinikizo la juu la mapafu: maswali na majibu kwa wagonjwa wa Kanda ya Ziwa

Presha ya mkononi kila mtu anaijua. Hii ya mapafu wengi huisikia kwa mara ya kwanza siku wanayoambiwa wanayo, wakiwa wamelala ubavu kwenye kitanda cha eko, kile kipimo cha kuupiga moyo picha kwa mawimbi ya sauti, jeli ya baridi bado kifuani. Wanateremka kilima cha hospitali ya Bugando, Mwanza, na jina refu la ugonjwa, na maswali ambayo hawakupata nafasi ya kuyauliza. Hapa nimechagua yale yanayouma zaidi. Nimejibu bila kuficha, kwa sababu naamini mgonjwa anayeujua ugonjwa wake ana nguvu kuliko aliyefichwa.

Nikipimwa presha naambiwa iko sawa, 110/70. Hii ya mapafu imetoka wapi?

Kipimo cha mkononi kinasoma mishipa inayopeleka damu mwilini. Upande wa kulia wa moyo una kazi yake nyingine: kusukuma damu kwenda kwenye mapafu ikachukue hewa. Huko presha ya kawaida ni ndogo sana, wastani wa milimita 14 hivi za zebaki. Ikizidi 20 mtu akiwa ametulia, madaktari wanasema kuna shinikizo la juu la mapafu. Mishipa imebana au imekuwa migumu, na moyo unahangaika kama pampu iliyowekwa kwa ajili ya nyumba za bondeni, halafu ikatakiwa ipandishe maji hadi juu ya mawe ya Mabatini. Mwishowe inachoka. Ndiyo maana unahema kwa ngazi chache, miguu inavimba jioni, kizunguzungu kinakushika, na wengine huzimia kabisa.

Eko ndiyo inayoishtukia. Kipimo cha kuthibitisha ni kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa hadi moyoni, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, wanakifanya.

Nilitibiwa pumu, nikapewa dawa za kuongeza damu, ndugu wakanipeleka kwa mganga. Mbona haikuonekana mapema?

Kwa sababu kuishiwa pumzi, uchovu na moyo kwenda mbio ni dalili za magonjwa mengi. Hata kwenye nchi zenye vipimo vingi, wagonjwa wengi hupita zaidi ya miaka 2 kabla ya kujua wanaumwa nini. Usijilaumu, wala usiwalaumu ndugu zako. Walikuwa wanatafuta uzima wako kwa njia walizozijua.

Kwa nini mimi?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Ukirudi kliniki liulize hivi: "Daktari, yangu imesababishwa na nini?" Jina la ugonjwa ni moja lakini vyanzo ni vingi. Vimegawanywa katika makundi 5, na tiba ya kundi moja inaweza kumdhuru mgonjwa wa kundi jingine.

Kwetu sisi wa ziwani chanzo kimoja ni kichocho. Mtoto wa Ukerewe, Sengerema au Ilemela anaogelea, anachota maji, anafua, anavua, na minyoo inapita kwenye ngozi yake. Kichocho cha tumbo kikikaa miaka bila tiba kinaharibu ini, damu inajitafutia njia za pembeni, na mayai ya minyoo yanafika hadi kwenye mishipa ya mapafu na kuichokoza. Haiwapati wote wenye kichocho, ni sehemu ndogo tu. Lakini katika eneo lenye kichocho kingi hivi, kila mgonjwa wa presha ya mapafu anastahili kupimwa. Prazikwanteli itaua minyoo iliyopo. Makovu yaliyokwisha kuwekwa kwenye mishipa haitayafuta, ila kuacha minyoo iendelee kutaga ni kuongeza tatizo. Na ukishatibiwa, ukirudi kusimama ziwani maji ya kiunoni utaambukizwa tena. Maji ya kuoga yakichotwa bila konokono na kuachwa kwenye pipa siku 2, vijidudu vya kichocho, ambavyo hutoka kwa konokono, vinakufa.

Vyanzo vingine ni valvu (milango) za moyo zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, tundu la moyo ambalo halikuzibwa mapema, sikoseli ambayo Kanda ya Ziwa tunayo nyingi, makovu ya TB ya zamani, VVU (karibu mtu 1 kati ya 200 wanaoishi navyo), na mabonge ya damu yaliyoganda na kuziba mishipa. Hili la mabonge lisipite kimyakimya: ni aina ambayo kwa baadhi ya wagonjwa upasuaji unaweza kuiondoa kabisa. Ndiyo maana nasisitiza chanzo kitafutwe. Kuna watu wamekaa wamekata tamaa kumbe tatizo lao lina dawa.

Niambie ukweli. Nitakufa?

Ni ugonjwa mzito na unaweza kuua. Ukweli mwingine ni huu: miaka ya 1980 huko Marekani, nusu ya wagonjwa wa ile aina isiyojulikana chanzo walifariki ndani ya miaka 3 baada ya kugundulika, kwa sababu dawa mahususi haikuwepo. Ya kwanza ilipitishwa huko mwaka 1995, na ilibidi iingie mwilini kwa pampu usiku na mchana. Bosentani ya vidonge ikafuata mwaka 2001, sildenafili mwaka 2005, na mwaka 2024 ikapitishwa sotatasepti, inayofanya kazi kwa njia tofauti na zile za mwanzo. Nyingi bado ni ghali na hazijafika kwenye maduka yetu, na hilo linaniumiza. Lakini mtu akikwambia hakuna kitu kinachoweza kufanyika, taarifa zake zimepitwa na wakati.

Nimeandikiwa dawa ambayo mfamasia alinitazama kwa mshangao. Ni ile ya wanaume?

Ndiyo, ni sildenafili, ile ile inayouzwa kwa jina la Viagra. Inalegeza mishipa ya mapafu pia, na kwa ugonjwa huu hupewa wanawake na hata watoto. Mama, usione aibu. Onyesha cheti chako cha dawa na usimame wima. Ila usimgawie jirani mwenye moyo uliopanuka au mwenye valvu mbovu, na mwambie kila daktari unayekutana naye kwamba unaitumia, kwa sababu ikichanganywa na dawa za naitreti, zile za maumivu ya kifua yatokanayo na moyo, presha hushuka ghafla kwa hatari. Usiiache ghafla hata ukijisikia umepona.

Kidonge cha kukojoa nacho watu wengi hukiruka siku ya safari ya meli. Muulize daktari kama unaweza kukimeza ukishafika, badala ya kukiacha.

Nabanika samaki Mwaloni na nyumba yangu iko juu mlimani. Nitaishije?

Moshi uache, dada. Hapo sina jibu laini. Kama biashara ni hiyo tu, wewe kaa upande wa kuuza na kupokea fedha, mwenzako akae jikoni.

Mengine ni kupanga siku kufuata pumzi yako. Panda asubuhi kabla ya jua kali. Chagua mawe ya kupumzikia njiani na uyatumie hata kama hujachoka bado. Tembea mwendo unaokuruhusu kuongea. Ukishindwa kumaliza sentensi, simama. Badala ya ndoo ya lita 20 kichwani, beba kidumu cha lita 5, au mwachie kijana wa maji. Osha vyombo na menya ndizi ukiwa umekaa kwenye kigoda. Kulala tu kutwa nzima nako si dawa: matembezi mafupi ya kila siku, kwa kipimo alichokuruhusu daktari, yanaupa mwili nguvu.

Chumvi ipungue. Dagaa na samaki waliokaushwa kwa chumvi huvuta maji mwilini. Kula sato mbichi ukiweza. Pima uzito asubuhi, mizani ile ile. Ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, ni maji hayo, nenda kliniki.

Naweza kubeba mimba?

Mimba ni hatari kubwa sana kwa mama mwenye ugonjwa huu, na madaktari hushauri kuiepuka. Njia ya uzazi wa mpango ichaguliwe na daktari wa moyo akihusishwa, maana si kila njia inafaa na baadhi ya dawa za ugonjwa huu hupunguza nguvu ya njia za homoni. Kama umeshika mimba tayari, usijifiche, nenda leo. Najua kwa binti ambaye hajapata mtoto jibu hili linavunja moyo. Kulilia jambo hilo ni haki yako.

Naonekana mzima, kwa hiyo wananiita mvivu. Nachoka hata roho.

Nakuelewa. Mchukue mume, dada au mama mkwe siku ya kliniki, aingie ndani, daktari amweleze kwa mdomo wake. Picha ya eko ikionyeshwa mbele yao, maneno hupungua. Sali, omba kanisani au msikitini, na dawa umeze pia. Kama wiki zinapita hupati usingizi, huna hamu ya chakula na unaona heri usiwepo, hiyo ni sonona na inatibika. Itaje kwa daktari kama unavyotaja miguu kuvimba. Muulize pia muuguzi kama kuna mgonjwa mwingine aliye tayari kuzungumza nawe. Kumwona mtu mwenye ugonjwa wako akinunua mboga sokoni kunasaidia kuliko maneno yangu.

Ukikwama fedha, ofisi ya ustawi wa jamii iko hospitalini kwa ajili yako.

Ni lini nikimbilie hospitali?

Ukizimia, midomo ikiwa ya bluu, ukikosa pumzi umekaa, kifua kikikubana, au ukikohoa damu. Usisubiri kupambazuke na usiteremke mlima kwa miguu. Zungumza mapema na dereva wa bajaji anayekubali kuamshwa usiku, na mkubaliane atakusubiri barabara ipi ikiwa gari halifiki mlangoni. Anayekusindikiza abebe karatasi ya eko na pakiti za dawa zote, ili daktari wa zamu asiyekujua aanzie hapo.