Kutoka Korija Hadi Tani: Bei ya Kaboni Hutoka Wapi

Kwa muda mrefu sana mikoko ya pwani yetu iliuzwa kwa korija. Boriti ishirini zilihesabiwa kuwa korija moja, zikapakiwa jahazini, na nahodha akangoja kusi ivume ili azipeleke Arabuni na Ghuba, ambako miti ya kuezekea nyumba ilikuwa adimu. Kenya ilipiga marufuku usafirishaji huo mwaka 1982. Leo mikoko ya Gazi, katika kaunti ya Kwale, inauzwa kwa tani za kaboni, yaani hewa chafu ambayo miti imeinyonya na kuihifadhi, tena ikiwa imesimama palepale ilipoota. Mimi hupima misitu ya aina hiyo, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: tani hiyo iko wapi, na ni nani aliyeipangia bei?

Upimaji wenyewe huanzia topeni. Tunazungushia kamba eneo la mita 10 kwa 10, kisha tunapima kila mti uliomo. Mti wa mchu hupimwa kipenyo kwenye kimo cha kifua, kama miti ya bara. Lakini mkoko wenyewe, ambao mizizi yake hushuka kutoka shinani kama magongo, hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa, la sivyo mpimaji atapima mizizi akidhani ni shina. Kutokana na vipimo hivyo tunakokotoa uzito wa mti mkavu, ambao karibu nusu yake ni kaboni, na kila tani ya kaboni ni sawa na tani 3.67 za hewa ukaa (kaboni dioksidi). Hadi hapo hakuna fumbo, kwa kuwa yeyote mwenye futikamba anaweza kuirudia hesabu hiyo akapata jibu lilelile.

Ugumu huja baadaye, kwa sababu mnunuzi, yaani anayelipa ili kufidia moshi wake mwenyewe, halipii kaboni yote iliyomo msituni. Hulipia tofauti kati ya msitu ulivyo na jinsi ambavyo ungekuwa kama mradi usingekuwepo, na hali hiyo ya pili, tunayoiita hali ya msingi, haionekani kwa macho wala haipimiki kwa futikamba. Gazi ina bahati ya kuwa na ushahidi: katika miaka ya 1970 mikoko yake ilikatwa kuwa kuni za viwandani, ikaacha maeneo matupu yaliyolazimu kupandwa upya. Kwa hiyo mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013 kwa hekta 117 na ambao huuza hati, kila moja ikisimamia tani moja ya hewa ukaa, unadai tani 3,000 hivi tu kwa mwaka, na ninauamini kwa sababu ya udogo huo. Pale ambapo hakuna aliyewahi kutishia kukata, naye mwenye mradi anaandika kwamba msitu ulikuwa ukingoni mwa kuisha, kinachouzwa ni hofu iliyotungwa.

Masoko makubwa ya kaboni yanayosimamiwa na sheria, ambako viwanda hutakiwa kuwa na kibali kwa kila tani vinayotoa, yana udhaifu wa namna hiyohiyo. Umoja wa Ulaya ulipoanzisha soko lake mwaka 2005, serikali ziligawa vibali vingi kuliko moshi uliotoka, na kwa kuwa vibali vya awamu ile havikuruhusiwa kuvuka hadi awamu iliyofuata, kufikia mwaka 2007 bei ilikuwa imeshuka karibu na sifuri. Kikomo cha idadi ya vibali kilipokazwa na vibali vya ziada vikaanza kuondolewa sokoni mwaka 2019, bei ilipanda hadi kupita euro 100 kwa tani mnamo Februari 2023. Hewa ni ileile. Kilichobadilika ni uamuzi wa kisiasa kuhusu idadi ya vibali. Sasa uamuzi huo umevuka mipaka ya Ulaya: tangu Januari 2026 saruji, chuma, mbolea na alumini zinazoingizwa huko zinatozwa kwa kaboni iliyotumika kuzitengeneza, jambo linaloigusa moja kwa moja nchi kama Msumbiji, ambayo alumini yake kwa miaka mingi ilikwenda Ulaya.

Vijijini swali huwa la mgao. Nasisitiza neno hati, kwa sababu tafsiri iliyozoeleka ya «mikopo ya kaboni» huwafanya wazee waulize, kwa haki kabisa, mkopo huo utarejeshwa lini na kwa dhamana gani. Tanzania ilitunga kanuni zake za biashara ya kaboni mwaka 2022. Sheria ya Kenya ya mwaka 2023 inataka jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya miradi ya kaboni inayotumia ardhi, kama misitu, na naiona kuwa hatua ya haki, ila asilimia haina maana kwa mwanakijiji asiyeonyeshwa mkataba wa mauzo wala gharama zinazokatwa.

Tena yupo mama aliyekuwa akipata kuni mikokoni. Akizuiwa hapa akaenda kukata ghuba ya jirani, tani tuliyoiuza haipo tena. Ndiyo maana Gazi walipanda mivinje, ili kuni na miti ya kujengea ipatikane kwingine. Kila ninapokwenda kupima, napitia kwanza kwenye mivinje kuangalia visiki: vikiwa vingi kuliko miche, najua kabla ya kufungua kamba kwamba kuni za hapo hazitoshi tena, na hesabu ya mwaka huo italazimu kupunguzwa.