Meli ndani ya chupa: imepitaje shingoni?

Anayeiona mara ya kwanza huizungusha chupa, akakagua kitako, akapapasa kioo akitafuta mahali kilipokatwa na kuungwa. Hapati. Chupa ni nzima, shingo yake haipitishi hata kidole gumba, na humo ndani imesimama meli ya milingoti mitatu, matanga yamejaa upepo. Wapo wanaodhani kioo kilipulizwa kuizunguka meli. Haiwezekani, kwa sababu kioo kinachopulizwa kina joto la kuunguza mbao na uzi papo hapo.

Meli ndani ya chupa ni meli ndogo ya mfano iliyopitishwa shingoni ikiwa imekunjwa, kisha ikasimamishwa humo ndani. Neno la kushika hapo ni "kukunjwa". Karibu kazi yote hufanyika nje, mezani.

Wazo lenyewe ni la kale kuliko meli hizi. Wajerumani walikuwa na "chupa za subira", zilizojazwa sanamu ndogo za wachimbaji madini au matukio ya kidini. Matthias Buchinger, aliyezaliwa bila viganja wala miguu, alitengeneza mojawapo mwaka 1719. Meli ya zamani zaidi inayojulikana ni ya 1784, nayo imehifadhiwa Lübeck, Ujerumani. Karne ya 19, chupa za kioo safi zilipopatikana kwa wingi, mabaharia wa meli za matanga wakaufanya ufundi huu kuwa wao.

Vipimo viwili ndivyo vinavyotawala. Shingo ya chupa ya mvinyo ina upana usiofika sentimita 2, ilhali tumbo lake lina kama sentimita 7. Mwili wa meli, pamoja na milingoti iliyolazwa juu yake, sharti upite kwenye kipimo cha kwanza. Milingoti ikisimama isizidi cha pili, ukishatoa unene wa bahari ya bandia itakayowekwa chini ya meli. Asiyepima kabla ya kuchonga atakuja kuukuta mlingoti umegota kiooni ungali umeinama.

Kwa hiyo mlingoti haukazwi sitahani. Chini yake huwekwa bawaba ya waya mwembamba ili uweze kulala kuelekea tezi, yaani nyuma ya meli. Foromali, ile miti inayokingama kubeba matanga, hufungwa katikati tu zipate kuzunguka na kulala sambamba na mlingoti. Matanga ya karatasi hugundishwa ukingo wa juu, kwingine yakaachwa huru.

Nyuzi ndizo akili ya kazi yote. Zile zinazotoka kwenye milingoti kwenda mbele hupenyezwa katika vitundu vya mlingoti wa maji, ule unaochomoza omoni, yaani mbele ya meli, zikaachwa ndefu. Za kandoni na za nyuma hukatwa kwa urefu kamili: mlingoti ukilala zinalegea, ukisimama zinakaza na kuuzuia usipitilize. Hapa ndipo ninapoupendea ufundi huu. Katika meli kubwa kamba hizo hushikilia mlingoti dhidi ya upepo. Katika hii ndogo nazo zina kazi ya kweli, hazikuwekwa kwa urembo.

Kinachotangulia kuingia ni bahari. Puti, ile ya mafundi wa madirisha, hutiwa rangi ya buluu, ikapelekwa donge kwa donge kwa waya mrefu uliobapwa ncha, bila kuchafua shingo. Mahali pa kukalia meli huchimbwa hapohapo. Kisha isubiriwe ikauke sawasawa, maana chupa ikizibwa na unyevu, kioo hupata ukungu wa ndani na hakuna mkono wa kuufuta.

Meli huingia kwa tezi, omo ikiuelekea mdomo wa chupa, nyuzi zikining'inia nje. (Mwili ukiwa mpana mno, wengine huupasua vipande na kuviunga ndani kwa vibano virefu, kazi hiyo ni ngumu maradufu.) Gundi inayoikalisha juu ya bahari ikishashika, fundi huvuta nyuzi polepole. Milingoti huinuka, foromali hunyooshwa kwa ncha ya waya, matanga hufunguka. Akiona kila kitu kimekaza, hutia tone la gundi kwenye vitundu vya mlingoti wa maji, akazishikilia nyuzi hizo zikiwa zimevutwa hadi gundi ikauke. Mwisho huingiza wembe uliofungwa kwenye waya, akazikata nyuzi mbele ya omo, na kuziba chupa kwa kizibo.