Goti Halikuumbiwa Kuzungushwa: Maswali na Majibu Kuhusu Viungo

Kiungo ni nini hasa?
Ni mahali mifupa inapokutana. Mtu mzima ana mifupa 206 hivi, na karibu yote imeungana na mingine. Si kila kiungo kinacheza: vile vya fuvu la mtu mzima, isipokuwa vya taya, vimeshikana imara, ingawa kwa mtoto mchanga bado vina nafasi, ndiyo maana utosi wake hudunda.

Ndani ya kiungo kinachocheza mna nini?
Ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu, laini na telezi. Zimezungukwa na mfuko wenye ute, kisha kano imara zinazofunga mfupa kwa mfupa. Gegedu haina mishipa ya damu. Hupata lishe kutoka kwenye ute, na ute huo huipenya vizuri kiungo kinapotumika. Anayeketi kutwa nzima akidhani anayatunza magoti yake, basi, anayanyima chakula.

Na "mikato ya mwili" inayotajwa na wataalamu ni nini?
Wataalamu huuwazia mwili umesimama wima, uso mbele, mikono chini, viganja vikitazama mbele. Kisha huukata kwa mawazo tu. Mkato wa sajitali hutenga kulia na kushoto, wa koronali hutenga mbele na nyuma, na wa mlalo hutenga juu na chini. Picha za CT na MRI, zinazoonyesha ndani ya mwili, husomwa kwa mikato hiyo. Kulia ni kulia kwa mgonjwa, si kwa anayemtazama. Kwa daktari wa upasuaji hilo si jambo dogo.

Mikato inahusianaje na viungo?
Ukikunja kiwiko, mkono unasogea katika mkato wa sajitali. Ukiinua mkono ubavuni, ni koronali. Ukigeuza shingo kutazama pembeni, ni mlalo. Bega huiweza yote mitatu, kwa kuwa kichwa cha mfupa wa mkono ni cha mviringo na shimo linalokipokea halina kina. Uhuru huo una gharama yake: miongoni mwa viungo vikubwa, bega ndilo huteguka zaidi. Nyonga, yenye shimo refu, haiteguki ovyo.

Goti ni kama bawaba ya mlango. Hukunja na kunyoosha, na likiwa limekunjwa huzunguka kidogo tu. Mchezaji akikita mguu chini kisha akageuza kiwiliwili ghafla, nguvu hulijia kwa upande lisiouweza. Hapo ndipo kano iliyo katikati ya goti hukatika, mara nyingi bila hata kuguswa na mtu.

Vidole vikilia, vinaharibika?
Hapana. Mlio hutokana na gesi iliyomo ndani ya ute, shinikizo linaposhuka. Kama hakuna maumivu, usihofu. Lakini kiungo kikivimba, kikawa cha moto na chenye maumivu makali, nawe una homa, nenda hospitali siku hiyohiyo: huenda ni maambukizi, na hayo huweza kula gegedu ndani ya siku chache.